Sehemu ya Wanawake, Ukumbi Namba Tatu

Mjomba wangu alikuwa na kamera ya video, ya pekee mjini Rumonge kama alivyopenda kusema, na mimi nilikuwa mpwa wake wa kike niliyekaa nyumbani bila kazi tangu shule yetu ilipofungwa kwa sababu ya vita. Sifa zangu za kazi zilikuwa hizo tu. Kwenye harusi zetu sisi Waislamu wa pale mjini, wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao, na mwanamume hakanyagi upande wa wanawake hata akiwa amebeba kamera. Kwa miaka mingi mjomba alirekodi wanaume wakila pilau, kisha akaenda zake nyumbani. Akina mama wakachoka, wakamwambia kwamba harusi yenyewe iko kwao na kaseti iko kwa wanaume, hayo ni mambo gani. Ndipo aliponifundisha kazi kwa siku mbili, akanitwika lile dude begani, na kuniambia nikiliangusha nisirudi nyumbani.

Kaseti ya upande wa wanawake ilikuwa na sheria zake, ambazo hakuna aliyeziandika popote na hakuna asiyezijua. Ikitoka kwenye kamera hukabidhiwa mama wa bibi harusi, mkono kwa mkono. Hutazamwa na wanawake, mlango umefungwa, na watoto wa kiume walioanza kuota ndevu wametolewa nje. Mjomba mwenyewe, mwenye mali, hakuwahi kuona hata dakika moja ya kazi yangu, kwa hiyo hakuwahi kujua kama naiweza au namdanganya. Nilijifunza kwa kukosea. Harusi yangu ya kwanza nilirekodi miguu ya watu robo saa nzima nikidhani nimezima. Wenyewe waliipenda, walisema viatu vimeonekana vizuri.

Vita vilihamishia harusi zetu mchana. Ilipofika saa kumi na mbili kila mtu alitakiwa awe ndani kwake, basi bibi harusi aliyekuwa akitolewa usiku kwenye taa za rangi sasa alitolewa saa nane, jua linawaka, poda inamtiririka shingoni. Wanajeshi walikuwa barabarani, waasi walikuwa juu milimani, na sisi tulikuwa katikati, kati ya michikichi na ziwa. Ukiwa Rumonge wakati ule ulijua kutofautisha bunduki ya mbali na ya karibu kama unavyojua sauti za jirani zako. Ya mbali haikukatisha chakula.

Harusi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya rafiki yangu. Tulisoma naye chuo cha Kurani kwenye mkeka mmoja, na kwa kuwa nilimzidi miaka miwili aliniita yaya, dada mkubwa, hata mbele ya watu waliojua kwamba hatuna undugu. Aliolewa na mfanyabiashara aliyekuwa akivuka kwenda Kigoma na mafuta ya mawese na kurudi na sabuni. Alikuwa msichana wa haya, wa kujifunika hata akienda kuteka maji bombani mbele ya nyumba yao. Siku ile kungwi wake, yule mama aliyemfunda, alimwingiza ndani mwa wanawake, akashika mtandio, akauvuta. Nywele zikaanguka hadi kiunoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ana nywele nyingi kiasi kile. Akacheza, mikono imejaa hina hadi kwenye viwiko, mabega wazi, na mimi machozi yalinitoka nyuma ya kamera, sina aibu kusema.

Katikati ya ngoma mabomu yakalia mlimani, matatu, ya karibu. Kila mtu akaganda. Bibi yake, mzee asiyeona vizuri, ndiye aliyepiga ngoma tena wa kwanza, na rafiki yangu akacheka, akaendelea kucheza pale pale alipoachia. Yote hayo yamo kwenye kaseti, na picha inatetemeka kwa sababu mimi niliyeshika kamera nilikuwa natetemeka.

Miongoni mwa wageni alikuwepo Mzungu mmoja, mwanamke wa shirika la msaada aliyekuwa akigawa mablanketi kwa waliokimbia milima. Alikaa mkekani, akala kwa mkono, akapiga vigelegele vibaya. Miezi michache baadaye alikuja kwa mjomba akimtafuta yule msichana aliyerekodi. Alisema huko kwao ana rafiki anayechagua filamu za tamasha la kimataifa, na kwamba kazi ile lazima wanawake wa kule waione. Akanipa kitabu cha tamasha cha mwaka uliotangulia, cha Kifaransa, karatasi zake zinang'aa. Nilikuwa na Kifaransa cha shule iliyofungwa katikati, lakini kusoma nilijua.

Kitabu kile nilikisoma kuliko kitabu chochote maishani, ukiacha kimoja. Sikujua kwamba filamu hupangwa. Kwetu, kwenye banda la video la wanaume, iliyofika ndiyo iliyoonyeshwa. Huko kulikuwa na sehemu ya mashindano, ambamo filamu zinagombania zawadi. Kulikuwa na sehemu ya zile zilizo nje ya mashindano, kama mgeni mkubwa anayealikwa harusini ili aonekane, hachezi. Kulikuwa na sehemu ya filamu fupi, na ya filamu za mambo ya kweli, maana yake nyingine zote walikubali ni uongo. Wafu walikuwa na sehemu yao ya kukumbukwa. Watoto walikuwa na yao, asubuhi. Kulikuwa na sehemu ya nchi zenye vita, nikaipita haraka, nani angetaka kwenda kukaa humo kwa hiari yake.

Nilipenda ule mpango kiasi cha kuuota. Kwetu wakati ule kupangwa mafungu kulikuwa jambo la kutisha. Ulisimamishwa njiani ukaulizwa wewe ni wa upande gani, na jibu lingeweza kukumaliza. Katika kitabu kile mtu alipangiwa upande ili apate kiti. Kila sehemu ilikuwa na ukumbi wake na saa yake, na mtu alijua mlango wake. Nilifikiri, hawa wanaishi kama tunavyofanya harusi.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa sehemu ya wanawake, ukumbi namba tatu. Palikuwa na picha ya ukumbi wenyewe. Mistari minane ya viti na kila aliyekaa alikuwa mwanamke, wawili watatu mbele wamefunga vilemba, mmoja ananyonyesha. Niliitazama picha ile kwa kioo cha mjomba cha kukuzia negativu, uso kwa uso, nikitafuta mwanamume. Hakuwepo. Haikunipitia akilini kwamba mpiga picha aliwakamata kwa bahati siku hiyo, au kwamba waume zao walikuwa mistari ya nyuma. Mtu aliyezaliwa kwetu akiona wanawake watupu ndani ya chumba, na mlangoni pameandikwa kwamba ni pa wanawake, haulizi swali zaidi. Na mimi sikuuliza. Yule mama wa shirika alikuwa hapo hapo mjini, ningeweza kumuuliza siku yoyote.

Badala yake nilikwenda na kitabu kwa rafiki yangu. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mumewe alikuwa ng'ambo, Kigoma, na hakuambiwa. Mambo ya kaseti za wanawake hayakuwa mambo ya kuambiwa waume.

"Yaya, kule iko wanaume?" akauliza.

"Hapana. Wanaume wako na ukumbi zao, salle zao. Hii ya tatu iko ya wanamuke. Angalia foto."

Akaangalia. "Unajua shemeji yangu anaikala mu ule muji. Mudogo wa bwana yangu. Alikimbiliaka kule."

"Ata kama anaikala pale. Hawezi kuingia."

"Unaniapia?"

"Nakuapia."

Mama yake ndiye aliyemaliza maneno. Watu walikuwa wanalala na mabegi mlangoni, tayari kukimbilia mitumbwini, na nyumba za mtaa wa juu zilikuwa zimeshachomwa. "Nyumba ikiungua, na kaseti inaungua," alisema. "Acha iende kwenye amani. Watatutumia ingine." Yule Mzungu alikuwa ameahidi kwamba huko watatengeneza nakala mbili na kuturudishia. Sisi wenyewe hatukuweza kutoa nakala, maana kunahitajika mashine mbili za video, na ya pili pale mjini ilikuwa bandani kwa wanaume. Kwa hiyo tulitoa ile ile moja. Kabla haijaenda niliitazama na rafiki yangu na mama yake mara nne, milango imefungwa, ili tuihifadhi kichwani. Sikuiona tena.

Kwenye fomu, penye sehemu unayoomba, niliandika sehemu ya wanawake, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini. Mwishoni mwa karatasi kulikuwa na mistari midogo iliyosema waandaaji wanaweza kuhamisha filamu kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Niliisoma. Siwezi kujitetea kwamba sikuisoma. Nilidhani ni kama kwetu, unapohamishwa kutoka mkeka wa nyuma kwenda mkeka wa mbele, na upande unabaki ule ule. Nikatia saini.

Miezi ikapita. Yule mama wa shirika aliondolewa mjini na wenzake baada ya gari lao kupigwa risasi. Siku moja dereva wao, Mkongo wa Uvira aliyebaki kulinda ghala, akaniletea bahasha. Ndani mlikuwa na kitabu kipya cha tamasha na barua. Walisema wana furaha kubwa. Walisema waliochagua filamu wameguswa mno na mabomu yale yanayoingia ndani ya sherehe, kwa hiyo wameitoa sehemu ya wanawake na kuipa heshima ya kufungua sehemu ya nchi zenye vita, Jumamosi, saa kumi na moja jioni, ukumbi mkubwa. Baada ya kuonyeshwa kutakuwa na mazungumzo na watazamaji. Kwenye kitabu walikuwa wameweka picha. Rafiki yangu, nywele zake zote, mdomo wazi.

Kaseti ile ina dakika arobaini. Mabomu yana sekunde tisa humo ndani, nimeyahesabu. Wale watu walitazama dakika arobaini za wanawake wakifurahi, na walichokiona ni sekunde tisa. Bado nina hasira nao, miaka yote hii, na bado najua kwamba hawakunidanganya kwa neno hata moja.

"Madame yuko wapi?" nilimuuliza dereva. "Nataka kumupigia."

"Bazungu bote balishaenda, dada. Namba yake mi sina. Pole."

Zilikuwa zimebaki siku sita. Nilikwenda kwenye kabini ya simu karibu na soko, chumba cha mbao chenye simu moja na mwenye kabini mmoja, mzee mwenye subira. Siku ya kwanza laini haikuwepo. Siku ya pili haikuwepo. Siku ya tatu alifanikiwa, na upande wa pili akapokea msichana wa tamasha, mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Nikasema kwa Kifaransa changu kwamba mimi ndiye wa filamu ya harusi, na kwamba naomba warudishe filamu ukumbi namba tatu.

Alisema programu imeshachapishwa. Alisema nisiogope, ukumbi mkubwa ni bora zaidi, watu wengi zaidi wataona.

Nikasema ndiyo maana. Kule kuna wanaume. Namba tatu ni wanawake peke yao.

Akaniomba nirudie. Kisha akasema, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa, kwamba ukumbi namba tatu nao ni wa kila mtu. Sehemu ya wanawake ni filamu zilizotengenezwa na wanawake, ndiyo maana yake. Anayetaka anaingia. Wao hawamzuii mtu mlangoni.

Nikasema basi msiionyeshe. Naiomba kaseti yangu. Sijui alisikia lipi kati ya hayo, kwa sababu laini ilikatika, na yule mzee akabonyeza bonyeza kwa robo saa.

"Imekufa," alisema. "Rudi kesho, binti yangu. Ata kesho siamini sana."

Nilirudi kesho yake na siku iliyofuata, laini bado imekufa. Nilimwomba mjomba anipeleke Bujumbura, kwenye ofisi za lile shirika. Wiki ile magari mawili yalikuwa yamevamiwa karibu na Magara na watu wameuawa, na msafara wa magari yanayosindikizwa na wanajeshi ulikuwa umesitishwa. Mjomba aliniuliza mara tatu ni kitu gani kilichomo kwenye kaseti kiasi cha mimi kutaka kufa njiani. Sikuweza kumjibu. Kumwambia alichokosewa rafiki yangu kungekuwa kumweleza mwanamume jinsi rafiki yangu alivyo akiwa kichwa wazi, na hilo lilikuwa kosa lile lile. Nikalia mbele yake kama mtoto, naye akadhani nina mchumba Bujumbura.

Barua niliificha chini ya godoro hadi Jumamosi asubuhi. Nilijiambia namhurumia kwa ajili ya mimba. Uongo; nilikuwa namwogopa. Kisha nikafikiri kwamba kama siwezi kuzuia, angalau asije akaambiwa na mtu mwingine, nikaenda. Alikuwa anachambua dagaa uani na mama yake hakuwepo. Nilimwambia yote, hadi picha ya kitabuni, na ile ya kwamba hata namba tatu nilikosea tangu mwanzo. Alimaliza sinia nzima ya dagaa kwanza.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na moja. Mzee wa kabini anasema musimu huu saa zao na zetu ziko sawa."

"Basi ukuye. Usiniache peke yangu saa ile."

Nilirudi saa kumi na nusu. Alikuwa ameoga, amekaa chumbani juu ya mkeka, mlango amefunga komeo, na saa ya mezani ya mumewe ameiweka sakafuni mbele yetu. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, akaegemea ukuta. Nilitaka aniseme, anitukane, anipige kofi ikibidi. Alinisogezea mto tu. Nje mtu alikuwa anatwanga, na milimani siku ile palikuwa kimya kabisa.

Mshale ulipofika saa kumi na moja aliuliza, "Wameanza?"

"Wameanza."

"Iko nini sasa?"

Niliijua kaseti ile dakika kwa dakika. "Wanatandika mikeka," nikasema. "Shangazi yako anagombana na wale wasichana wa viti."

Akatabasamu kidogo. Tukakaa. Baada ya muda akauliza tena.

"Sasa?"

"Ubani. Bibi yako anauliza ni nani anayepita."

"Watu wako wengi?"

"Sijui, ndugu yangu. Salle iko kubwa."

"Na shemeji?"

"Sijui."

Nikafikiri kumdanganya. Ningeweza kusema wamezima, umeme umekatika, kama unavyokatika kwetu kila siku. Lakini nilikuwa nimeshamwapia mara moja, na alikuwa ananitazama usoni.

"Sasa?" akasema.

"Sasa kungwi anakuingiza. Anashika mutandio."

"Tayari?"

Niliangalia saa. Nikasubiri, nikaangalia tena, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na uwezo wa kuuzuia ule mkono.

"Tayari," nikasema.

Akavuta kitenge kilichokuwa mabegani, akajifunika kichwa, akakikaza chini ya kidevu kwa mikono miwili, akageukia ukutani. Chumbani tulikuwa sisi wawili tu, na mlango ulikuwa na komeo. Kaseti ilikuwa imebakiza dakika ishirini na sita.